Kufundisha Pampu ya Hewa: Usalama Ndio Somo Lenyewe

Katika miteremko ya Kilimanjaro mtoto huyajua maji kabla hajaanza shule. Ameuona mfongo ukiyateremsha kutoka msituni hadi migombani bila mashine yoyote. Lakini vitu vioevu hupandishwaje? Jibu analoliona mara nyingi ni la hatari: mtu mzima atia mpira ndani ya pipa na kuvuta mafuta kwa kinywa. Mafuta ya taa au dizeli yakiingia mapafuni huyadhuru vibaya, na dawa ya kunyunyizia kahawa ni sumu. Kwa hiyo hatuna budi kumwonyesha njia iliyo bora.

Kwanza, mwalimu mwenyewe aielewe kanuni. Pampu ivutayo hutegemea uzito wa hewa ya nje. Pwani, hewa hiyo haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Moshi mjini kikomo ni mita 9 hivi, na katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, ni karibu nusu ya kile cha pwani. Hewa iliyoshindiliwa inaposukuma, mpaka huo haupo: kila kilopaskali 10 za ziada huinua maji kiasi cha mita 1. Pampu nyingi za karakana za namna hii zina viwambo viwili vya mpira visukumwavyo na hewa kwa zamu, pamoja na vali zizuiazo kioevu kisirudi.

Darasani twahitaji chupa ya plastiki iliyo imara, kizibo cha mpira chenye matundu mawili, mirija miwili, pampu ya baiskeli na ndoo. Mrija mfupi uletao hewa uishie juu ya maji. Mrija mrefu ufike karibu na kitako cha chupa, na ncha yake ya nje iingie ndooni. Chupa ya kioo isitumike, kwa maana yaweza kupasuka.

Utaratibu wa kufunga ni huu:
1. Chupa ifungwe imara ili isianguke.
2. Viungo vyote vikazwe kwa kamba au vibanio.
3. Njia ya kutokea maji ihakikishwe kuwa wazi kabla ya kusukuma hewa.
4. Hewa iingizwe polepole, wanafunzi wakiwa kando, si mbele ya kizibo.
5. Kabla ya kufungua chochote, kazi isimame na hewa yote itolewe.

Hatua ya tatu na ya tano ndizo husahauliwa. Katika mazoezi ya kufundisha tulimwona mwanachuo wetu akisukuma hewa huku mrija wa maji umejikunja. Kizibo kiliruka hadi ukutani. Hakuna aliyeumia, lakini darasa zima lilinyamaza. Tulimshauri asiifiche aibu ile, bali awaulize watoto: "Hewa ilikosa njia gani?" Wakajibu wenyewe. Tangu siku hiyo twaanza somo kwa swali hilo.

Baada ya jaribio, wanafunzi waambiwe kwamba utaratibu huohuo hufuatwa katika mashine kubwa, ila hapo fundi huongeza vali ya kufungia hewa, kipimo na kirekebisho cha kanieneo. Pampu hiyo haina mota ya umeme, lakini petroli ipitayo kwa kasi mpirani huzaa umeme uwezao kutoa cheche. Kwa hiyo mitambo na mapipa huunganishwa na ardhi kwa waya. Shuleni tutumie maji tu, kamwe si mafuta wala dawa.

Mwisho, mtoto afahamu kuwa aliyemeza mafuta asilazimishwe kutapika, bali apelekwe zahanati upesi. Akirudi nyumbani na kumsihi baba yake asivute tena mafuta kwa kinywa, somo letu litakuwa limefika.