Ukurasa wa Tovuti Unaojisahihisha

Ndugu askari aliyewahi kutunza ghala anaijua aibu hii: daftari lasema zimebaki risasi 400, ubao wa afisa wasema 500. Mtu alisahau kuandika. Kurasa za tovuti zina maradhi hayo hayo, kwani mtunga programu akiamuru kila badiliko mahali pake, akasahau moja, kioo cha kompyuta hudanganya.

Mwaka 1997 wataalamu Conal Elliott na Paul Hudak walieleza njia nyingine. Mtu hutamka uhusiano mara moja tu, kwamba kilichobaki ni kilichopokewa kutoa kilichotolewa, na kompyuta huutimiza kila tarakimu ibadilikapo. Ni amri ya kudumu, haisomwi upya kila asubuhi.

Mwaka 2012 Evan Czaplicki, akiwa mwanafunzi wa Harvard, aliileta njia hiyo kwenye tovuti kwa lugha yake Elm, ambayo hugeuzwa kuwa JavaScript ili vivinjari viielewe. Mwendo wa kipanya na herufi zinazopigwa vilihesabiwa humo kuwa thamani zibadilikazo kwa wakati, zikaitwa ishara.

Twaona la kusifiwa zaidi ni la mwaka 2016, Czaplicki alipoziondoa ishara hizo kwa kuwa ziliwatatiza wanaojifunza. Wachache huvunja nyumba waliyoijenga wenyewe. Katika Elm kila tukio sasa hupeleka ujumbe kituo kimoja kinachotunza hali yote, na ukurasa huchorwa kutokana na hali hiyo peke yake. Redux, iliyotolewa mwaka 2015 kwa watumiaji wa JavaScript, ilikwisha kuuazima mpango huo kutoka Elm.