Sukari 5.5, Sukari 99

Msomaji anauliza: kwa nini majibu yake ya maabara hayasomeki kwenye kompyuta ya hospitali nyingine, na zote zina intaneti? Habari za nyaya na seva naziruka. Ujumbe unafika vizuri. Kinachopotea njiani ni maana.

Chukua sukari ya damu. Maabara moja inaandika 5.5, nyingine 99. Damu ni ileile: ya kwanza imehesabu milimoli kwa lita, ya pili miligramu kwa desilita. Zidisha ile kwa 18, unapata hii. Daktari hung'amua kwa kutupa jicho. Programu ikipokea 5.5 ikadhani ni miligramu, itatangaza mgonjwa yu mahututi.

Ni sawa na biashara ya viazi. Mkulima akisema gunia, anafikiria gunia lililofungwa mdomoni. Dalali akisema gunia, anafikiria lumbesa. Neno ni moja, bei wamekubaliana kwa simu, ugomvi unazuka wakati wa kupakia. Simu nzuri zaidi haitawapatanisha, mizani itawapatanisha.

Mizani ya maabara ni LOINC, orodha iliyoanzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, Marekani. Utamu wake uko hapa: kila kipimo huulizwa maswali 6 kabla ya kupewa namba. Unapima nini? Kwa uzito au kwa moli? Papo hapo au kwa saa 24? Katika damu au mkojo? Jibu ni tarakimu au maneno? Kwa njia gani, kama njia ina uzito? Jibu moja likibadilika, namba nayo inabadilika. Sukari katika majimaji ya damu, kwa uzito, ni 2345-7. Kwa moli ni 14749-6.

Na ile 7 ya mwisho ni mlinzi. Anzia kulia mwa 2345, ukizidisha kwa 2 tarakimu moja na kuruka inayofuata: 5 inakuwa 10, yaani 1 na 0, 4 inabaki, 3 inakuwa 6, 2 inabaki. Jumla 13. Ili kufika 20 zinahitajika 7. Karani akikosea tarakimu moja, hesabu inagoma palepale.

Kizio bado lazima kiandikwe. Kisha iko kazi ya mikono ambayo hakuna mashine iliyoimaliza: mtu wa maabara kukaa na orodha ya vipimo vyake, mstari kwa mstari, akikipa kila kimoja namba yake.