Fahamu: Sekondari msingi kwa wanafunzi viziwi Kenya

Sekondari msingi ni gredi ya 7 hadi ya 9 katika mtaala wa umilisi wa Kenya. Gredi ya 7 ya kwanza ilianza Januari 2023.

Viziwi wanasoma nini?

Masomo ni yale yale, ila penye Kiswahili wao husoma Lugha ya Ishara ya Kenya. Lugha hii si Kiswahili wala Kiingereza cha mikono. Ina sarufi yake. Katiba ya 2010 inaitambua kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Ugumu uko wapi?

Gredi ya 7 huleta walimu wengi na msamiati mzito. Chukua neno la Kiingereza "photosynthesis" (usanisinuru). Likikosa ishara inayojulikana na darasa zima, mwalimu hulitahajia herufi kwa herufi kwa vidole, na mtoto hubaki na tahajia bila maana. Mwalimu wa sayansi asiyejua ishara humtegemea mkalimani, na mwanafunzi hawezi kumtazama mkalimani huku akiandika. Wenzake wanaosikia huandika huku wakisikiliza.

Tena, watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, hivyo wapo wanaokutana na lugha ya ishara kwa mara ya kwanza shuleni. Kulaumu akili zao ni kukosea njia.

Mtihani je?

Mwishoni mwa gredi ya 9 kuna tathmini ya kitaifa, KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025.