Kivu: shafti ya gurudumu ikikwama ndani ya ponti, nguvu ya nyundo haitoshi

Kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, gari lililopakia kupita kiasi huelemea sana ponti ya nyuma. Shafti ya gurudumu, ambayo mafundi huita demi-arbre, inaweza kukatika. Kazi ngumu ni kuitoa.

Hatari huanza kabla ya kushika funguo. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, shafti moja ikikatika, kuliacha ndani ya vitesi hakulizuii tena: difarensieli inageuka bure. Magurudumu yafungwe kwanza kwa mawe, ndipo mtu aingie chini.

Kwa Land Cruiser nyingi za kubeba mizigo, gurudumu halitolewi. Shafti inashikwa na nati 6 katikati yake. Lakini nati zikitoka, shafti hubaki imekwama, maana ndani kuna pete ndogo zenye umbo la koni zinazoibana. Hapo ndipo wengi huchukua patasi au moto.

Njia salama ni kulegeza nati bila kuzitoa, ili zilinde meno ya vyuma vilivyozishika. Kisha shafti inagongwa katikati kwa nyundo ya shaba mpaka pete ziruke. Baada ya kutoa nati na pete, bulo mbili hukazwa kwenye matundu mawili yenye meno, moja baada ya nyingine, kidogo kidogo. Zenyewe huisukuma shafti nje.

Ikiwa imekatikia ndani, kipande kilichobaki wakati mwingine hutolewa kwa sumaku. Kikikataa, difarensieli lazima ishushwe. Mwenye gari anayetaka kuondoka siku ileile hapendi kusikia hivyo, lakini kipande cha chuma kikiachwa ndani ya mafuta kinasaga meno ya gia. Ncha mbili zilizokatika ziunganishwe mezani kama chungu kilichovunjika. Pakionekana pengo, bado kuna kitu ndani.

Mwisho ni mpira wa kuzuia mafuta. Patasi au moto ukiuharibu, mafuta ya ponti yanaweza kufika hadi kwenye freni. Gari litatoka garaji likitembea vizuri, na kosa litaonekana kwenye mteremko, likiwa na abiria.