Ekra ya mbio ao miwani ya 3D: feza iende wapi?

Kisha mwezi ikifika, papa anarudi kutoka mugodi na mwana anamungojea ku mulango: “Papa, ekra yetu haiko mbio. Wenzangu wako na 144.” Siku ingine anakuja na habari ya miwani ya 3D yenye kuuzishwa bei chini, eti ukiivaa unakuwa sawa vile uko ndani ya uwanja. Mama naye anauliza swali moja tu: “Na minervali ya shule?”

Sisi hatuko hapa juu ya kukataza michezo. Tunataka paka mujue munanunua nini mbele ya kutoa feza.

Tuanze na ekra. Haionyeshe mwendo wa kweli. Inaonyesha picha zenye kusimama, moja kisha ingine, mbio sana mpaka jicho linazani kitu kinatembea. Ekra ya kawaida inabadilisha picha mara 60 kwa segonde. Njo ile wanaita 60 Hz. Kila picha inakaa karibu milisegonde 17. Mu ekra ya 144 Hz inakaa karibu 7. Mwenye kucheza vita ao mupira anaona picha mupya mapema kidogo, na haichafuke sana wakati anageuka mbio. Kutoka 60 kwenda 120, tofauti inaonekana wazi. Kutoka 144 kwenda 240, ni ndogo zaidi, lakini bei inapanda.

Miwani ya 3D iko na kazi ingine. Macho yetu mawili yanaachana karibu santimetre 6, na kila moja linaona kitu kwa upande wake. Ubongo unaunganisha zile picha mbili. Ni vile inasaidia shofere wa kamyo kupima umbali wa vitu vya karibu. Mu mwaka 2009, kampani NVIDIA ya Marekani ilitoa 3D Vision: miwani yenye vioo vya kufunga na kufunguka, jicho moja kisha lingine, pamoja na ekra ya 120 Hz. Hesabu ni nyepesi: 120 ukigawanya kwa macho mawili, kila jicho linabakia na 60.

Lakini ile raha ilikuwa na bei yake. Kwa kuwa vioo vinafungwa kila mara, picha inakuwa na giza. Karte ya grafiki inapashwa kuchora kila kitu mara mbili, kwa hiyo muchezo unapunguza mbio. Wengine kichwa kinawauma. Na mutu mwenye kuona kwa jicho moja hapati kitu. Kwa hiyo wachezaji wengi walivua miwani, wakabakia na mbio ya ekra.

Mu 2017, LG na Sony waliacha televizyo za 3D. Mu 2019, NVIDIA nayo ikaacha kusaidia 3D Vision. Njo maana miwani ile inaweza kuwa mupya mu kartoni yake, na isitumike: karte za grafiki za leo haziijui tena. Mwenye kukuambia itatembea na mashini yoyote, anasema bongo.

Basi, mwana akiomba ekra ya mbio, muulize kwanza: mashini yako ni gani? PlayStation 4 haipite 60 Hz. Ekra ya 144 haitaisaidia kitu. PlayStation 5 inafika 120, lakini si mu kila muchezo. Ku ordinatere, karte yenye nguvu kidogo ikitoa picha 50 kwa segonde, ekra haiwezi kuziongeza. Hapo ni heri feza iende ku karte. Angalia na kamba: kamba ya zamani inaweza kuzuia mbio. Kisha ingia mu Windows, uchague 144 wewe mwenyewe, juu mara mingi inabakia ku 60 bila mutu kujua.

Tena musisahau kifaa cha kulinda moto wa umeme, kwa sababu ukikatika na kurudi kwa nguvu, unaweza kuunguza ekra siku moja.

Mbele ya kulipa, omba muuzishaji aiwashe, na mwana acheze dakika kumi. Akikataa, rudisha feza mu mufuko. Minervali haingoje.