Uhakiki wa Pensheni: Anachopaswa Kufahamu Mstaafu wa Kipatimu

Kwa mwalimu au muuguzi aliyestaafu na kurejea Kipatimu, katika Milima ya Matumbi wilayani Kilwa, pensheni ya kila mwezi ndiyo tegemeo la chakula, dawa na nauli. Pensheni hiyo hulipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanza kazi Agosti 1, 2018 baada ya kuunganishwa kwa mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF.

Mfuko humtaka mstaafu kujihakiki, yaani kuthibitisha kuwa yu hai, ili fedha zisiendelee kulipwa kwa jina la marehemu. Asiyejihakiki husitishiwa malipo. Utaratibu huo si wa Tanzania pekee: Wamarekani waliostaafu na kuishi ng'ambo nao hutumiwa fomu na mamlaka yao ya hifadhi ya jamii, na asiyeirejesha husitishiwa malipo.

Kutoka Kipatimu hadi Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, ni safari ya kushuka milima hadi mwambao, yenye gharama na uchovu kwa mzee. Hivyo, huduma ya kujihakiki kwa simu janja kupitia PSSSF Kiganjani ni nafuu kubwa. Asiye na simu hiyo anaweza kusaidiwa na mtoto au mjukuu anayemwamini, ila namba ya siri ya benki asimpe mtu yeyote.

Mstaafu anapofariki, familia inapaswa kuutaarifu Mfuko mapema.