Gari Lilale Gereji

Stendi ya Njombe, mwezi wa saba, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukungu umekaa chini, konda anapuliza viganja vyake, abiria wamejikunyata ndani ya makoti. Dereva wa HiAce ya dizeli anapiga staata, haiwaki. Anapiga tena. Mara ya tatu inashika, lakini inashika kwa shida: dashibodi inacheza, vioo vinalia, na kwenye ekzosi unatoka moshi mweupe mzito unaochoma macho. Anaingiza gia, anakanyaga mafuta, gari halichanganyi, kana kwamba kuna mtu analishika kwa nyuma. Kilomita nne au tano baadaye limekuwa gari jingine kabisa. Limetulia, linavuta, moshi haupo.

Saa nne dereva huyo anafika gereji. Fundi anawasha, anasikiliza, anapiga resi mbili tatu, haoni kitu. Lakini mteja amekuja na malalamiko na anataka jibu, basi linatoka jibu: nozeli zifunguliwe, na kama hazikutosha, pampu ipelekwe kwa mafundi wa pampu. Wiki moja baadaye gari linarudi stendi na nozeli mpya, na alfajiri ya kwanza moshi ni uleule.

Nimeyaona haya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kosa huanza kabla spana haijashikwa. Gari lenye shida ya baridi limepimwa likiwa na moto. Safari ya kutoka nyumbani hadi gereji imeshalitibu kwa muda, na fundi anapima gari zima.

Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inabana hewa kwa nguvu hadi hewa yenyewe inakuwa moto, kisha nozeli inapuliza mafuta ndani ya moto huo. Katika injini za 3L na 5L, zilizobeba HiAce nyingi za zamani, hewa hubanwa hadi kubaki sehemu moja ya 22 ya ujazo wake. Injini ikishapata joto, hewa hiyo hupita nyuzi 500 za Selsiasi na mafuta huwaka papo hapo. Alfajiri mambo ni mengine. Kuta za silinda ni baridi na zinanyonya joto, oili ni nzito, betri imechoka, staata inazungusha polepole, na hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi. Mafuta yanapulizwa, yanakuta hewa vuguvugu, baadhi yanawaka yakiwa yamechelewa, mengine hayawaki kabisa. Yasiyowaka hutoka nyuma kama mvuke mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi.

Njombe ina tatizo la pili juu ya baridi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Pistoni inaanza kubana hewa ambayo tayari ni hafifu. Ndiyo maana gari lililofanya kazi Dar es Salaam miaka mitano bila shida linauzwa, linapelekwa Makete au Njombe, na mnunuzi anaamini ametapeliwa. Pengine hakutapeliwa. Kati ya hita za injini, zile za kupashia silinda joto kabla ya kuwasha, mbili zilikuwa zimekufa tangu zamani, na joto la pwani likayaficha maradhi.

Kwa hiyo nikiambiwa gari la dizeli linatetemeka asubuhi na halina nguvu hadi lipate moto, swali langu la kwanza ni rangi ya moshi. Mweupe wenye harufu ya dizeli unasema mafuta yanafika lakini joto halitoshi. Mweupe usio na harufu hiyo, ukiendelea hata injini ikiwa na moto huku maji ya rejeta yakipungua, ni habari nyingine na mbaya zaidi: maji yanaingia kwenye silinda, gasketi au silinda hedi ina kasoro. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, anza na filta ya hewa. Wa bluu ni oili inayoungua. Na kama staata inazunguka vizuri na hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayajafika kwenye silinda, hivyo usiguse hita.

Hita, ambazo wengine huziita hita plagi, ni mahali pa kwanza pa kutazama, na ndipo panaporukwa mara nyingi kwa sababu taa yake kwenye dashibodi inawaka na kuzimika kama kawaida. Katika magari mengi taa ile inahesabu muda tu. Haijui kama hita zinapata moto. Fungua kipande cha chuma kinachoziunganisha, kisha pima kila moja peke yake kwa mita: hita nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, karibu na omu moja, iliyokatika haionyeshi njia kabisa. Usiye na mita tumia taa ya kupimia ya volti 12, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha hita. Taa isipowaka, hita imekufa. Zikiwa nzima zote nne, pima kama umeme unazifikia, maana rilei na fyuzi yake nazo huungua.

Ipo mbinu ya wazee wa gereji ambayo bado naiheshimu. Gari likiwashwa asubuhi na kumisi, dondoshea tone la maji kwenye kila tawi la menifodi ya ekzosi, ndani ya dakika ya kwanza. Matawi matatu yatakausha maji haraka. Moja litabaki na unyevu, na silinda yake ndiyo haiwaki. Sasa unajua pa kutafuta, na hujatumia shilingi. Lakini mbinu hii haina maana saa nne asubuhi, matawi yote yakiwa moto.

Baada ya hita, hewa kwenye mafuta. Mpira uliopasuka kidogo au klipu iliyolegea kati ya tangi na pampu inaweza isivujishe hata tone, ila usiku kucha inaruhusu hewa kuingia na dizeli kurudi tangini. Asubuhi injini inaanza kwa kunywa mapovu. Kipimo chake ni rahisi na dereva anaweza kukifanya mwenyewe. Juu ya filta ya dizeli ya HiAce kuna pampu ya mkono. Kabla ya staata ya kwanza, ibonyeze hadi iwe ngumu. Ikihitaji kubonyezwa mara nyingi ndipo ikaze, na gari likawaka vizuri siku hiyo, shida ni hewa. Ikiwa ngumu tangu mwanzo na gari bado linatetemeka kwa moshi mweupe, rudi kwenye joto: hita, kompresheni, nozeli. Ukiwa hapo, legeza kifuniko cha chini cha filta na umwage maji yaliyotuama. Dizeli ya madumu ya barabarani huja nayo mengi.

Mafuta yenyewe nayo yana kesi ya kujibu. Kwa miaka mingi dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa na bei ndogo, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Ubaya wa mafuta ya taa ni wembamba wake. Pampu ya dizeli na nozeli hulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake, na mafuta membamba huvisaga vyuma. Nozeli iliyosagika haipulizi ukungu, inadondosha. Matone hayo injini ya moto huweza kuyachoma hivihivi, ya baridi haiyawezi, ndipo unaposikia kugonga kunakopotea gari likipata joto.

Katika injini ya 3L au 5L, nozeli mbovu hutafutwa kwa kulegeza nati ya bomba lake, moja baada ya nyingine, injini ikiwa kwenye silensa. Ukilegeza ya silinda nzima, mngurumo unabadilika. Ukilegeza ya silinda mbovu, hakuna tofauti. Nasisitiza: mbinu hii ni ya injini za zamani peke yake. HiAce ya umbo lililotoka mwaka 2004 na kuendelea, yenye 2KD au 1KD, huweka dizeli kwenye reli ya pamoja kwa mgandamizo unaoweza kupita baa 1,000. Ukilegeza nati pale injini ikiwaka, mafuta yatapenya ngozi ya mkono kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo kama la mwiba linaweza kuishia kwa kukatwa kidole au mkono. Huko hupimwa mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, kwa vichupa vinne na mipira yake. Nozeli inayorudisha mengi kuliko wenzake imechoka.

Injini hizo mpya zinaongozwa na kompyuta, na kompyuta hudanganywa na sensa. Sensa ya joto la maji ikiiambia kwamba injini ina nyuzi 80 wakati ina nyuzi 9, mafuta yatapimwa kwa injini ya moto, hita hazitapewa muda, na gari halitavuta kilomita za mwanzo. Kuna kipimo kizuri sana hapa. Gari likishalala usiku mzima, kabla ya kuwashwa, soma kwa mashine joto la maji, joto la hewa inayoingia na joto la mafuta. Yote matatu yanapaswa kukaribiana, kwa kuwa yamelala mahali pamoja. Moja likiwa mbali na mengine, umempata mwongo. Sensa ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na nozeli nne za reli.

Wenye 1KD nawaomba wasikilize jambo moja zaidi. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Ikianza kuvujisha, gesi ya moto hupita na kuigeuza oili kuwa masizi mazito, ambayo huziba chujio la chini la oili. Mtetemo wa asubuhi unaweza kuwa dalili ya mwanzo. Ya mwisho ni injini kukosa oili na kufa barabarani. Oili ikiwa nyeusi na nzito kama uji muda mfupi baada ya kubadilishwa, usiendelee na safari.

Sasa nije kwenye kinachonisikitisha kuliko yote, themostati. Kuna imani iliyoenea, kutoka Mombasa hadi Mbeya, kwamba themostati ni kitu cha nchi za baridi na hapa kwetu kinasababisha gari kuchemsha. Inatolewa na kutupwa. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike nyuzi kama 80, ili injini ipate joto haraka. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Mtelemko wote wa asubuhi injini inabaki baridi, mshale wa joto haunyanyuki, mafuta yanaliwa zaidi, silinda zinalika. Dereva anasema gari halina nguvu na fundi anatazama pampu. Tena, katika injini nyingi themostati ndiyo inayofunga njia fupi ya maji injini ikishapata moto. Isipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita rejeta, na mlimani gari lenye mzigo linachemsha kwa sababu ya kile kilichofanywa kuzuia lisichemshe. Kama gari lako huchukua nusu saa kupata joto, uliza kama themostati ipo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Na mtu asilipe gari la dizeli petroli ili liwake. Nimeona kitambaa kilicholowa petroli kikiwekwa kwenye mdomo wa filta ya hewa huku hita zikiwa na moto. Petroli inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni ikapasuka.

Vitu kama tepeti zilizokaza na ringi zilizokwisha vipo pia, na kipimo cha kompresheni kitavisema. Nimeviacha mwisho kwa sababu ni vya gharama, na kwa sababu gari lenye hita mbovu hufunguliwa injini bure mara nyingi.

Kwa hiyo, ndugu dereva, na wewe mwenye gari unayelipa bili, usilipeleke saa nne likiwa na moto. Lipeleke jioni. Mwachie fundi funguo, lilale gereji, mtu yeyote asiliwashe. Urudi saa kumi na mbili alfajiri, ukute boneti iko wazi na mita iko mkononi mwake, na staata ya kwanza ipigwe nyote wawili mkiwapo.